Kufunika kombe si kupatana: tunavyogombana na tunavyopatana kanisani

Mleta uzi

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka 13, na katika muda huo nimeketi katika vikao vingi vya usuluhishi: wanandoa, wanakwaya, ndugu waliogombea urithi, mchungaji na mhazini wake. Ninaleta uzi huu kwa sababu nimeanza kushuku kwamba jambo tunaloliita amani katika makanisa yetu mara nyingi ni ukimya tu, na kwamba Maandiko yanauogopa ukimya huo kuliko yanavyouogopa ugomvi wenyewe.

Someni tena 2 Samweli kuanzia sura ya 13, na safari hii mhesabu miaka. Amnoni, mwana wa mfalme Daudi, anamnajisi Tamari, dada yake kwa baba. Mfalme Daudi anapata habari na kukasirika sana, kisha hatuambiwi kwamba alimwita yeyote wala kwamba alimwuliza Tamari lolote. Absalomu, ndugu yake Tamari wa tumbo moja, hamwambii Amnoni neno jema wala baya, na mgeni aliyeingia katika jumba lile siku zile angeweza kusema kwamba nyumba imetulia. Inapita miaka 2 mizima ya utulivu huo, kisha Amnoni anauawa kwa amri ya Absalomu kwenye sherehe ya kukata kondoo manyoya. Absalomu anakimbilia Geshuri, anakaa miaka 3. Anarudishwa Yerusalemu kwa hila ya Yoabu, jemadari wa Daudi, lakini anaishi miaka mingine 2 katika mji mmoja na baba yake bila kuuona uso wake, hadi analiteketeza shamba la shayiri la Yoabu ili walau mtu mmoja aje amsikilize. Ndipo mfalme anamwita, Absalomu anasujudu, Daudi anambusu. Basi. Sura inaishia hapo, na sura inayofuata inamkuta Absalomu kando ya njia ya lango akiiba mioyo ya watu ili ampindue baba yake.

Jumla ni miaka 7, na katika miaka yote hiyo hapakuandikwa popote kwamba baba na mwana waliketi wakazungumza habari za Tamari. Sidhani kwamba Daudi aliigiza alipombusu mwanawe. Lakini busu lile lilibandikwa juu ya kidonda ambacho hakuna aliyekiosha, na nabii Yeremia (6:14) aliwalaumu viongozi wa wakati wake kwa kosa lilo hilo, kwamba waliponya jeraha ya watu juu juu tu, wakisema amani, amani, wala hapana amani.

Waswahili husema funika kombe mwanaharamu apite, na msemo huo una busara yake mbele ya wageni. Tatizo huja pale kombe linapobaki limefunikwa mwaka hadi mwaka, mwanaharamu keshapita zamani, na hakuna anayekumbuka kulifunua.

Sasa tazameni amri mbili za Bwana ambazo tumezizoea mno hata hatuoni zinavyokutana. Katika Mathayo 5:23-24 anayeambiwa aende ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake, yaani aliyekosa, au angalau anayedhaniwa amekosa. Anaambiwa aiache sadaka mbele ya madhabahu, akapatane kwanza. Katika Mathayo 18:15 anayeambiwa aende ni yule aliyekosewa: "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Kwa hiyo uwe umekosa au umekosewa, mwenye kunyanyuka ni wewe, na kama wote wawili wangetii siku moja wangekutana njiani. Hakuna mstari wowote kati ya hiyo miwili unaomruhusu mtu kukaa nyumbani akisema, "Yeye ndiye anayejua alichonifanyia, aje."

Katika hatua za Mathayo 18, yaani kwanza wawili peke yao, kisha pamoja na mtu mmoja au wawili zaidi, ili wapatikane mashahidi wawili au watatu kama ilivyoagizwa katika Kumbukumbu la Torati 19:15, kisha kanisa, uzoefu wangu ni kwamba tunaruka ile ya kwanza. Mtu akikosewa na mwenzake huenda kwa rafiki, kisha kwa kiongozi wa jumuiya, kisha kwenye kikundi cha maombi, ambako husema kwa sauti ya upole, "Naomba tumwombee dada fulani, anapitia hali fulani." Ninawasihi tusidanganyane, ndugu zangu. Maombi ya namna hiyo ni umbea uliofumba macho. Mambo yakifika mezani kwetu sisi wazee huwa yamepita katika vinywa vingi, na yule anayelalamikiwa ndiye mtu wa mwisho kabisa kusikia kwamba ana kesi.

Nami nimo katika hilo. Miaka kadhaa iliyopita, katika kikao cha kamati ya ujenzi, mzee mwenzangu alisema mbele ya watu kwamba hesabu nilizozileta "zinahitaji macho mengine." Nilisikia nikiitwa mwizi. Sikumjibu, na kwa takribani miaka 2 tulipeana mkono wa amani kila ibada, nikijisifu moyoni kwamba mimi ni mtu mvumilivu. Kilichonishtua ni kikao kimoja nilichopinga pendekezo lake la kutengeneza paa lililokuwa likivuja, na niliporudi nyumbani mke wangu aliniuliza kwa nini nimelipinga, nami sikuwa na jibu. Paa lilikuwa linavuja kweli.

Nilimwomba tuonane. Nilikwenda nikiwa na Mathayo 18 mkononi, tayari kumwonya ndugu aliyenikosa, na kumbe hata hakuikumbuka ile sentensi. Nilipomtajia siku na kikao, alisema kwamba risiti za mwaka uliotangulia zilikuwa zimechanganyika na za mwaka ule, naye alitaka mtu mwingine anisaidie kuzitenganisha. Kisha akaniambia, kwa unyonge ulionichoma, kwamba tangu wakati huo sikuwahi kumsalimu mkewe, na kwamba mama yule alikuwa amelia kwa ajili hiyo. Hivyo nilikwenda kwa Mathayo 18 nikarudi kwa Mathayo 5: mwenye deni nilikuwa mimi.

Kanisa la mwanzo lilikuwa kali katika jambo hili kuliko sisi. Didake, mafundisho ya zamani sana ya Wakristo wa kwanza, yanaagiza katika sura ya 14 kwamba mtu mwenye ugomvi na mwenzake asijumuike na waumini siku ya Bwana mpaka wapatane, ili dhabihu yao isitiwe unajisi. Yustino Mfiadini, akieleza ibada karibu mwaka 155, anasema kwamba waumini walisalimiana kwa busu baada ya maombi, ndipo mkate na kikombe vikaletwa, na katika karne ya 4 Kirilo wa Yerusalemu aliwafundisha waliobatizwa kwamba busu hilo linahusiana na agizo la kuiacha sadaka madhabahuni. Ile amani tunayopeana kwa ncha za vidole huku tukitazama pembeni ilikuwa mlango wa kuifikia meza ya Bwana. Naye Benedikto wa Nursia, katika sura ya 4 ya kanuni aliyowaandikia watawa wake katika karne ya 6, aliagiza mtu apatane na aliyegombana naye kabla jua halijatua, na katika sura hiyohiyo akakataza kutoa amani ya uongo. Ninayapenda sana maagizo hayo mawili yakiwa pamoja, kwa sababu kila moja linalizuia jingine lisiharibike.

Karibuni tujadili, na hasa ningependa kuwasikia wanaoona kwamba nimekosea.

Dada wa Ibada ya Kwanza

Asante, mzee wetu, kwa uzi huu. Umesema kweli kuhusu kikundi cha maombi, na nimeona aibu kwa sababu nimo.

Hata hivyo nina jambo zito. Nimemshuhudia mama aliyepigwa na mumewe hadi kuvunjwa mkono akiambiwa na viongozi arudi nyumbani wakayazungumze "wewe na yeye peke yenu", kwa kuwa ndivyo Bwana alivyoagiza. Alirudi, akapigwa tena. Alipokataa kurudi mara ya tatu aliambiwa kwamba ana moyo wa kutosamehe, akasomewa mfano wa yule mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000. Hivi ninavyoandika yeye ndiye asiyekuja kanisani, na mume bado anaimba kwaya. Nakuuliza kwa heshima, mzee: hiyo "enenda" yako inamtuma nani, na kwa nani?

Mleta uzi

Dada yangu, nilipaswa kuliandika hili katika bandiko la kwanza, hasa nikiwa nimeanza na habari za Tamari. Unisamehe.

Mathayo 18 haianzii mstari wa 15. Inaanza na mtoto aliyewekwa katikati ya wanafunzi, ikaendelea na jiwe la kusagia linalostahili shingo ya yule anayemkosesha mmoja wa wadogo, kisha ikamfuata mchungaji anayewaacha kondoo 99 akamtafute 1 aliyepotea. Mwenye kuichomoa hatua ya "peke yenu" kutoka katika sura inayomlinda mdogo, akaitumia kumrudisha mdogo mikononi mwa anayemponda, ameisoma sura kinyumenyume. Hatua ile ni kwa ajili ya ndugu wawili wanaoweza kuketi bila mmoja kuihofia mikono ya mwenzake. Kuvunja mtu mkono ni jinai, na Warumi 13 inasema mwenye mamlaka hauchukui upanga bure. Kumpeleka mama yule hospitali, mahali salama na kwa vyombo vya sheria hakuvunji agizo lolote la Bwana. Wa kuendewa hapo ni mume, na wa kumwendea ni wazee, wakiwa zaidi ya mmoja, na kumwondoa kwaya kungekuwa mwanzo tu.

Kuhusu ule mfano aliosomewa, naona wasomaji wake walikimbilia talanta wakaziruka dinari 100 ambazo mtumwa huyohuyo alikataa kumsamehe mjoli wake, yaani mtumwa mwenzake. Talanta 1 ilikuwa na thamani ya dinari zipatazo 6,000, kwa hiyo deni la kwanza lilikuwa kubwa kuliko la pili mara 600,000 hivi, na tofauti hiyo ndiyo tunayoihubiri. Lakini dinari 100 hazikuwa kitu kidogo. Mathayo 20:2 inaonyesha kwamba dinari 1 ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo yule mjoli alikuwa anadaiwa mishahara ya siku 100. Bwana angeweza kusema dinari 1, au nusu, na mfano ungependeza zaidi masikioni. Hakusema hivyo. Alikiri kwamba tunachodaiana ni kikubwa na kinauma, ndipo akadai tusamehe. Kiongozi anayemwambia mtu aliyeumizwa kwamba jambo lake ni dogo amempunguzia deni mkosaji kwa fedha isiyo yake.

Tena kusamehe na kurudisha imani ya zamani ni mambo mawili yasiyokwenda kwa mwendo mmoja. Yusufu alijitenga akalia mapema tu, katika Mwanzo 42:24, lakini hakujitambulisha kwa ndugu zake mpaka Yuda, ambaye ndiye aliyetoa shauri la kumwuza, alipojitoa abaki mtumwa badala ya Benyamini katika sura ya 44. Moyo ulikuwa umelainika, na bado alitaka kuona kama watu wale wamebadilika. Vivyo hivyo Zakayo, yule mtoza ushuru, hakuishia kusema samahani. Alisema atarudisha mara 4, ingawa Hesabu 5:7 ilimtaka mkosaji aliyeungama arudishe alichochukua pamoja na sehemu ya tano juu yake. Mume akitaka upatanisho, kuna gharama za matibabu, kuna maungamo mbele ya waliomwona akiimba, na kuna muda mrefu ambao hatauamua yeye.

Mwanafunzi wa Neno

Mzee, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila naona umeifanya hatua ya faragha kuwa sheria isiyo na mlango. Katika Wagalatia 2:11-14, kule Antiokia, Paulo alishindana na Kefa, yaani Petro, ana kwa ana "mbele ya wote", na hatuambiwi popote kwamba alimwita kwanza chemba. Je, Paulo naye aliruka hatua?

Pia umezungumza kana kwamba kila ugomvi una mwisho wa kukumbatiana. Paulo na Barnaba walitofautiana vikali juu ya Yohana aitwaye Marko hata wakatengana (Matendo 15:39), kila mmoja akashika njia yake, na Luka haandiki kwamba walikaa wakayamaliza. Ninavyoona mimi, wakati mwingine kutengana kwa heshima ni bora kuliko vikao visivyokwisha.

Mleta uzi

Swali zuri, ndugu. Kefa alijitenga na Wakristo wa mataifa mezani, hadharani, na wengine wakavutwa pamoja naye, hata Barnaba. Kosa lililotendwa mbele ya watu na kuwapoteza watu hujibiwa mbele ya watu hao, la sivyo waliokosewa wangebaki wakidhani kwamba kanisa limeridhia. Nakubali basi kwamba sheria ina mlango, lakini ninaomba mlango huo usipanuliwe, maana wengi wetu tukiudhiwa chumbani hujiona ghafla kuwa Paulo wa Antiokia.

Kuhusu Barnaba, umenishika pazuri. Warumi 12:18 yenyewe inakubali kwamba kuna mipaka: "Kama yamkini, kwa upande wenu." Ila nakuomba usifunge kitabu katika Matendo 15. Katika Wakolosai 4:10 Paulo anaagiza Marko akifika wampokee, katika Filemoni anamtaja kati ya watenda kazi wenzake, na katika 2 Timotheo 4:11 anamtaka aletwe kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Walitengana, lakini hatusikii kwamba Paulo alizunguka makanisa akimchafua Barnaba au kumfungia Marko milango. Kutengana kwa namna hiyo naweza kukuheshimu. Ninachokiona mimi kwa kawaida ni watu kuhama kanisa wakiwa na orodha ya makosa mfukoni, wakiisoma kwa kila atakayewapa kiti.

Kinubi

Shikamoo mzee. Mimi nimo katika kwaya na nimegombana na dada tuliyeanza naye utumishi. Sitaeleza yote, ila ni neno alilolisema juu ya mama yangu, nami nikamjibu vibaya zaidi katika kundi la simu la kwaya, watu wote wakisoma. Tangu hapo ni miezi 8. Nataka kwenda, lakini sijui nianzie wapi, na nikifikiria ninajikuta nikipanga hotuba.

Mleta uzi

Marahaba, mwanangu. Hiyo hotuba iache nyumbani, na wala usimwandikie ujumbe mrefu, kwa sababu maandishi hayana uso, naye atayasoma kwa sauti atakayoichagua yeye. Mwandikie mistari miwili ukimwomba muda na mahali, ukimweleza wazi kwamba unataka kuzungumza juu ya lililotokea, ili asije akidhani ni mambo ya mazoezi.

Mkikutana, anza na lako. Kwa kuwa ulimjibu mbele ya watu wote, lako ni la hadharani, na huenda ukalazimika kuliomba radhi mahali ulipolifanyia, yaani katika kundi lile lile, bila kuongeza "lakini na yeye". Kisha mweleze alichokisema na jinsi kilivyokuumiza, ukitaja tukio pasipo kuitaja tabia yake yote tangu mlipoanza utumishi. Baada ya hapo nyamaza umsikilize, hata kama kimya chake kitakuwa kirefu. Hicho ni kimya cha namna nyingine kabisa.

Mkishindwa wawili, mtafuteni mmoja mnayemheshimu nyote. Paulo hakuona haya kuwataja Euodia na Sintike kwa majina katika waraka ambao kanisa zima la Filipi lilisomewa, na katika mstari unaofuata akamwomba mtu mwingine awasaidie. Tunaona pia kwamba hakuandika nani kati yao alikuwa na haki, akasema tu kwamba wote wawili walishindana pamoja naye katika kazi ya Injili.

Mwanafunzi wa Neno

Nimeupokea mpaka wako juu ya Paulo wa Antiokia, mzee, na nimecheka peke yangu. Kinubi, tunakuombea, na kwa kweli safari hii sisemi zaidi ya hapo kwa mtu yeyote.

Kinubi

Nimerudi baada ya siku 9. Nilimwandikia mistari miwili, akakaa siku 4 bila kujibu, kisha akasema njoo. Nilimwomba radhi kwanza kama ulivyonielekeza, na usiku huo nikaandika katika kundi la kwaya.

Hakuomba radhi kwa habari ya mama yangu. Alisema hakulisema kwa nia ile niliyoisikia, nami nilipomweleza ilivyokuwa masikioni mwangu alinyamaza muda mrefu, akasema anahitaji kulifikiria. Nilitaka sana kumjibu, lakini sikujibu. Aliponisindikiza mlangoni aliniuliza kama mama bado anaumwa miguu, nikamwambia ndiyo. Tumepanga kuonana tena Jumamosi.